Mwanga wa Kuzalisha na Mwanga wa Kuongoza: Televisheni za Kurusha Picha Kabla ya Vita Kuu ya Pili



Mwaka 1930 mkazi wa London mwenye fedha za kuchezea aliweza kununua Televisor, seti iliyotokana na kazi ya Mskoti John Logie Baird. Picha yake ilichorwa kwa mistari 30, ilikuwa nyembamba, imesimama wima, na haikuzidi kiganja cha mkono. Mtu mmoja alitazama vizuri, wawili walibanana, wa tatu alisimuliwa. Miaka tisa baadaye, tarehe 23 Februari 1939, katika jiji hilo hilo, watu waliokata tiketi walikaa ndani ya majumba ya sinema wakatazama pambano la ngumi la Eric Boon na Arthur Danahar lililokuwa likipiganwa saa ile ile katika ukumbi wa Harringay. Picha ilijaa pazia.

Mada yangu ni kazi iliyofanyika katikati ya tarehe hizo mbili, na hasa zile seti ambazo leo karibu zimesahaulika: televisheni zilizorusha picha kutoka nyuma ya skrini. Wengi wanapozitaja huzichukulia kama kichekesho cha mafundi waliotaka makubwa kabla ya wakati wao. Mimi nitadai jambo jingine. Nitadai kwamba mafundi hao walikuwa wakishindana juu ya swali moja tu, swali la mwanga. Kwamba walipata majibu mawili yanayopingana. Na kwamba majibu hayo mawili ndiyo yanayoendesha kila skrini tunayoitazama leo.

Hesabu ya mwanga

Kuikuza picha si kazi. Lenzi yoyote ya bei nafuu itaikuza. Kazi ni kuikuza na bado ionekane.

Tuchukue picha ya upana wa inchi 4. Tukitaka iwe na upana wa inchi 20, tumeongeza upana mara 5 na kimo mara 5, kwa hiyo eneo limekua mara 25. Mwanga haukuongezeka. Kila sehemu ya picha kubwa inapata fungu moja kati ya 25, na hapo lenzi haijadai fungu lake. Uso unaong'aa hutawanya nuru pande zote, na lenzi hudaka ile tu inayoelekea kwake. Lenzi nzuri ya kamera, yenye uwazi wa f/2, haidaki zaidi ya takriban asilimia 6 ya nuru hiyo. Asilimia 94 inapotelea ndani ya sanduku.

Kuna deni la pili, nalo ni la muda. Sinema huonyesha picha nzima kwa mkupuo. Taa inawaka nyuma ya filamu na kila pembe inaangazwa kwa pamoja. Televisheni ya wakati ule ilichora nukta moja baada ya nyingine, mstari baada ya mstari. Picha ya Baird ya mistari 30 ilikuwa na nukta zipatazo 2,100, hivyo kila nukta iliangazwa kwa sehemu moja tu ya 2,100 ya muda wote. Pale BBC ilipofungua huduma yake ya Alexandra Palace tarehe 2 Novemba 1936, mfumo wa Marconi-EMI wa mistari 405 ulipeleka nukta zinazokaribia laki mbili. Picha ikawa safi zaidi, na fungu la mwanga la kila nukta likapungua takriban mara mia. Hapo maji yalizidi unga.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hawakutengeneza tyubu kubwa tu, wakaachana na lenzi. Walijaribu. Lakini tyubu ya picha ni chupa isiyo na hewa ambamo elektroni huchora picha kwenye uso wake, na hewa ya nje huikandamiza kila upande. Uso wa tyubu ya kipenyo cha sentimita 30 hubeba uzito wa hewa unaozidi kilo 700. Kila inchi unayoongeza inadai kioo kinene zaidi, na mlipuko wake unatisha zaidi. Isitoshe, tyubu za miaka hiyo zilikuwa na shingo ndefu mno kulala ndani ya kabati la sebuleni. Ndiyo maana HMV na Marconi kule Uingereza mwaka 1936, na RCA ya Marekani katika seti yake ya TRK-12 ya mwaka 1939, walisimamisha tyubu wima, uso ukitazama juu, kisha wakaweka kioo kwenye mfuniko wa kabati. Mnunuzi alifunua mfuniko akatazama taswira ya picha kwenye kioo. Tyubu ilikuwa ya inchi 12, na huo ndio uliokuwa ukubwa wa kifahari. Seti hizo za Uingereza ziliuzwa karibu gini 100, yaani zaidi kidogo ya pauni 100, wakati Ford ndogo ya Model Y ilipatikana kwa pauni 100.

Kwa hiyo aliyetaka picha kubwa nyumbani alirudi kwenye kurusha. Na nyumbani, kurusha kwa nyuma kulikuwa na mantiki. Ukirusha kwa mbele kama sinema, miale inakatiza chumba kizima; mtoto akipita, mtangazaji anakatika kichwa. Ukirusha kwa nyuma, kila kitu kinakaa ndani ya kabati: chanzo cha picha chini, kioo kilichoinama katikati, skrini ya kioo kilichokwaruzwa mbele. Tena sehemu ya mwanga wa chumba unaoipiga skrini hupenya na kumezwa na giza la ndani, kwa hiyo weusi wa picha haufifii ukawa kijivu kirahisi. Bei yake ni kwamba kila kioo njiani hugeuza kushoto kuwa kulia, na fundi sharti airudishe picha kwa kugeuza waya za koili zinazoongoza elektroni za tyubu. Halafu skrini ya namna hiyo humpendelea aliyekaa katikati; wa pembeni anaona kiza.

Njia ya kwanza: kuuongoza mwanga

Kundi la kwanza la wavumbuzi lilijiambia hivi: taa kali zipo tayari, sinema inazo. Tusihangaike kuzalisha mwanga ndani ya picha. Tuchukue taa ya nje, tuweke mbele yake koki inayofunguka na kufungika kwa kasi ya mawimbi ya redio, kisha vioo vinavyozunguka vitandaze mwanga huo kwenye skrini.

Koki ya kwanza ilitokana na ugunduzi wa mwaka 1875. John Kerr, mwanafizikia wa Glasgow, aligundua kwamba nguvu ya umeme hubadili jinsi mwanga unavyopita ndani ya vitu fulani. Katika miaka ya 1920 August Karolus wa Leipzig aliufanya ugunduzi huo kuwa chombo cha kazi: seli ndogo yenye kimiminika cha nitrobenzini, imewekwa kati ya vichujio viwili vya mwanga. Kichujio cha kwanza huruhusu mwanga unaotikisika upande mmoja tu. Cha pili kimegeuzwa kiuzuie mwanga huohuo. Umeme usipokuwepo, kiza. Umeme ukiingia, kimiminika kinaupindua mtikisiko wa mwanga na mwanga unapenya, mwingi au kidogo kulingana na volti. Naomba mlishike jambo hili la vichujio viwili, tutalihitaji mwishoni.

Kwa seli hiyo Ernst Alexanderson wa General Electric alirusha picha hai mbele ya watazamaji wa jumba la maonyesho la Proctor, mjini Schenectady, Mei 1930. Baird naye aliifunga seli ya Kerr na ngoma ya vioo katika seti ya nyumbani ya mwanzoni mwa miaka ya 1930: vioo 30 vimepangwa kuzunguka ngoma, kila kimoja kimeinama kidogo tofauti na jirani yake ili kichore mstari wake. Picha ya takriban inchi 9 kwa 4 ilitua nyuma ya skrini ya kioo kisichopitisha taswira, familia ikitazama kutoka mbele. Hapa ndipo kurusha kwa nyuma kulipoingia sebuleni. Tarehe 1 Juni 1932 Baird alitanua zaidi: mbio za farasi za Derby, zikitoka Epsom, zilionyeshwa katika sinema ya Metropole, Victoria, kwa picha tatu zilizounganishwa ubavu kwa ubavu, kila moja ikisafiri kwa waya wake wa simu.

Kulikuwa na wale waliotafuta kukwepa deni la muda kwa nguvu. Mwaka 1930 Baird huyo huyo alipeleka katika ukumbi wa Coliseum skrini ya balbu 2,100, balbu moja kwa kila nukta. Karolus na Telefunken walifuata miaka michache baadaye na skrini ya balbu 10,000. Mabango ya taa kwenye viwanja vya mpira leo ni wajukuu wa kazi hiyo, lakini kwa sebule ya wakati ule haikuwa njia.

Wajerumani wa kampuni ya Fernseh walikwepa deni kwa ujanja ambao mimi naupenda kuliko yote. Picha ilipofika hewani waliipiga kwenye filamu ya sinema, wakaisafisha filamu papo hapo ndani ya mashine, kisha wakairusha kwa projekta ya kawaida. Mashine hiyo ilionyeshwa Berlin mwaka 1933. Fikirieni: dawa, maji, filamu na kukausha, mlolongo mzima huo, ili tu waweze kuweka taa kali nyuma ya picha iliyokamilika. Hakuna ushahidi bora kuonyesha kwamba tatizo lilikuwa mwanga.

Ujanja uliofika mbali zaidi ulitoka kampuni ya Scophony ya London, iliyoanzishwa na Solomon Sagall. Mhandisi wake J. H. Jeffree alibuni koki nyingine. Chukua chombo chembamba cha kioo chenye kimiminika, bandika fuwele ya kwatsi upande mmoja, itetemeshe kwa umeme wa picha. Fuwele inapeleka mawimbi ya sauti, ya kasi isiyosikika na sikio, yakitembea kutoka mwanzo hadi mwisho wa chombo. Penye mawimbi mazito mwanga unapindishwa zaidi. Penye utulivu unapita ulivyo. Maana yake ni kwamba wakati wowote kile chombo kimebeba mfululizo mrefu wa nukta za mstari, zikitembea kama alama za sauti. Sasa ngoma ya vioo ikizungushwa kinyume, kwa kasi inayolingana na mwendo wa sauti ndani ya kimiminika, alama zile zinaonekana zimesimama kwenye skrini. Nukta nyingi zinawaka kwa pamoja. Deni la muda limepunguzwa mara nyingi kwa kutumia sauti kama ghala la picha.

Gharama ilikuwa kasi. Mfumo wa mistari 405 huchora mistari 10,125 kwa sekunde. Ngoma ndogo ya Scophony ilikuwa na vioo 20, kwa hiyo ilibidi izunguke mara 30,375 kwa dakika bila kuyumba hata kidogo. Hata hivyo, katika maonyesho ya redio ya Radiolympia mwaka 1938 Scophony ilikuwa na seti ya nyumbani yenye picha inayokaribia futi mbili kwa upana, wakati majirani zake wakijivunia inchi 10 na 12.

Njia ya pili: kuuzalisha mwanga

Kundi la pili lilisema koki na ngoma ni mashine za kupita. Tyubu haina kinachozunguka. Elektroni ndiyo inayokimbia, nayo haichoki. Basi tuchukue tyubu ndogo, tuipe nguvu kupita kiasi mpaka picha yake ing'ae kama jua, kisha lenzi iikuze.

Philips ya Uholanzi ilionyesha njia hiyo mwaka 1937, ikiwa na tyubu ndogo iliyopewa volti zaidi ya 20,000, wakati tyubu za kutazamwa moja kwa moja ziliridhika na volti elfu chache. Kampuni nyingine za Uingereza, Ujerumani na Marekani zilikuwa zikikimbia barabara hiyo hiyo. Faida ilikuwa wazi, na hasara pia. Unga unaong'aa ndani ya tyubu uliungua na kuchakaa haraka. Elektroni zilizogonga kwa kasi hiyo zilitoa kiasi cha miale ya eksirei, ikabidi kabati liwe na kinga. Na fundi aliyeingiza mkono bila kusubiri umeme uishe ndani ya mitambo angeweza asiutoe tena.

Lenzi iliendelea kuwa mwizi mkubwa kuliko wote. Ukombozi ulitoka mahali ambapo hapakuwa na mhandisi wa televisheni hata mmoja. Bernhard Schmidt, aliyezaliwa mwaka 1879 katika kisiwa cha Naissaar nchini Estonia, alipoteza mkono wake wa kulia ujanani, akawa fundi wa vioo vya darubini. Mwaka 1930, katika kituo cha kutazama nyota cha Bergedorf karibu na Hamburg, alitengeneza kamera yenye kioo cha mbonyeo chenye umbo la tufe, na mbele yake kipande chembamba cha kioo kilichochongwa kwa mkunjo wa siri ili kusahihisha makosa ya tufe hilo. Kamera hiyo ilidaka eneo kubwa la anga kwa uwazi mkubwa sana. Schmidt alifariki mwaka 1935.

Wahandisi wa RCA waliigeuza kamera ya Schmidt ifanye kazi kinyume. Pale ambapo mwanaastronomia huweka bamba la picha, wao waliweka tyubu. Nuru iliyokuwa ikiingia kutoka kwenye nyota sasa ilitoka kwenye tyubu kwenda kwenye skrini, na kiasi kilichodakwa kilikuwa mara kadhaa ya kile cha lenzi. Mei 1941, Marekani ikiwa bado haijaingia vitani, RCA ilirusha pambano la Billy Soose na Ken Overlin kutoka Madison Square Garden hadi jumba la New Yorker Theatre, kwenye pazia la futi 15 kwa 20. Mara tu baada ya vita utaratibu huo huo uliingia sebuleni katika seti ya 648PTK: tyubu ya inchi 5, volti 27,000, kioo cha Schmidt chini, skrini ya nyuma juu, picha ya inchi 15 kwa 20.

Nani alikuwa mteja?

Hadi hapa nimezungumzia mwanga kana kwamba wavumbuzi hawakuwa na tumbo. Walikuwa nalo. Kurusha kulikuwa na wateja wawili, jumba la sinema na nyumba ya tajiri, na kila mmoja alivuta upande wake.

Sinema ilitaka ukubwa na ilikuwa na fedha. Usiku ule wa Boon na Danahar, Baird alirusha kwa tyubu katika Marble Arch Pavilion na Tatler. Scophony ilirusha kwa taa na ngoma katika sinema ya Monseigneur. Njia zote mbili zilisimama mbele ya umma wa jiji moja, pambano moja, saa moja. Naona usiku huo ungestahili kukumbukwa katika historia ya vyombo vya habari kuliko mabondia wenyewe.

Nyumba kwa upande wake ilitaka chombo kisichosumbua. Ngoma ya mizunguko 30,375 ni kitu cha kuajiriwa pamoja na fundi wake. Tyubu iliyowekwa wima na kioo chake cha mfuniko ilikuwa na picha ndogo, lakini baba mwenye nyumba aliiwasha mwenyewe. Soko lilikuwa dogo mno kuvumilia washindani wengi: kufikia Septemba 1939 Uingereza nzima ilikuwa na seti zipatazo 20,000.

Tarehe 1 Septemba 1939 BBC ilizima mitambo ya televisheni. Mnara wa Alexandra Palace ungeweza kuongoza ndege za adui, na wahandisi wake walihitajika kwenye rada. Huduma ilirejea tarehe 7 Juni 1946. Kwa Scophony pengo hilo lilikuwa pigo la mwisho katika biashara ya seti za nyumbani. Kwa tyubu lilikuwa shule. Rada ilihitaji tyubu kwa maelfu, viwanda vikajifunza kuzitengeneza kubwa na kwa bei ndogo, na vita vilipokwisha tyubu ya kutazamwa moja kwa moja ilikuwa imeshaiacha mbali njia ya kurusha. Sababu ya ushindi wake, kwa hiyo, ilikuwa kiwandani kuliko kwenye fizikia.

Mirathi

Wako watakaosema: basi njia ya kuongoza mwanga ilikufa. Tuangalie kama ni kweli.

Mwaka 1939, huko Zürich, profesa Fritz Fischer alianza kubuni chombo alichokiita Eidophor, na mfano wake wa kwanza ulifanya kazi mwaka 1943. Ndani yake miale ya elektroni haikuzalisha mwanga kabisa. Ilikunja uso wa tabaka jembamba la mafuta, na mikunjo hiyo ikaongoza mwanga wa taa kali ya nje. Ni wazo lile lile la koki. Katika miaka ya safari za Apollo, skrini kubwa za chumba cha kuongozea safari pale Houston zilirushiwa picha na Eidophor, kutoka nyuma. Chombo cha Jeffree nacho hakikuzikwa: mbinu ya kuongoza mwanga kwa mawimbi ya sauti iko hai katika mitambo ya leza.

Ukienda leo Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, muuzaji atakuonyesha aina kuu mbili za televisheni. Ya kwanza ni LCD, hata pale inapouzwa kwa jina la LED. Ndani yake kuna taa nyuma, kichujio, tabaka la kimiminika linalotii umeme, na kichujio cha pili. Hiyo ni seli ya Kerr na Karolus kwa mpangilio, ingawa kimiminika chenyewe ni cha aina nyingine na koki sasa ni mamilioni, moja kwa kila nukta, hivyo hakuna haja ya ngoma wala deni la muda. Picha inakujia kutoka nyuma. Ya pili ni OLED, ambayo kila nukta huzalisha nuru yake yenyewe, kama unga wa tyubu.

Na muuzaji atakueleza tofauti zake: hii inang'aa zaidi mchana, lakini weusi wake si weusi kamili kwa sababu taa ya nyuma huvuja, ile ina weusi wa kweli, lakini nukta zake huchakaa picha ikiganda mahali pamoja muda mrefu. Mhandisi wa Scophony na mhandisi wa Philips wa mwaka 1938 wangemwelewa bila mkalimani, kwa sababu ndiyo hoja waliyokuwa wakibishania. Koki huvuja, unga huungua. Miaka zaidi ya 80 imepunguza ukali wa kila kasoro, lakini haijahamisha hata moja kutoka upande wake.

Kwa hiyo wanafunzi wa uhandisi waliomo humu wakisoma kwamba teknolojia fulani ilishindwa, wajiulize ni nini hasa kilichoshindwa. Katika habari hii kilichoshindwa ni ngoma, injini ya kasi na chupa ya nitrobenzini. Kanuni iliyokuwa nyuma yake ilikosa tu koki ndogo za kutosha, na koki hizo zilipopatikana ilirudi na kuchukua karibu soko lote kwa muda. Atakayebuni skrini inayofuata atalazimika kuamua, kama walivyoamua wao, kama mwanga atauzalisha au atauongoza.